Wakoli Alivyomfuta Nyati

Ukimtafuta Tonny Wakoli pale Kitale, usiulize Tonny Wakoli. Uliza Injinia. Cheo hicho hakupewa na chuo wala serikali, alijipa mwenyewe, na sisi kwa uvivu wetu tukakizoea. Utamjua kwa kitambulisho anachovaa shingoni, cha mkutano wa watu wa kompyuta uliofanyika Nairobi zamani, kabla korona haijaingia. Mkutano uliisha, ukumbi ukafagiliwa, walioandaa wengine wameshahama nchi, lakini Wakoli bado anahudhuria.

Mimi naitwa Nakhungu. Kazi yangu iko langoni, kwenye ghala la kukausha mahindi la Mzee Avtar, barabara ya kwenda Suam. Mahindi yakija nayapima, yakikataliwa nayarudisha. Nimekaa na Wakoli, fundi wetu wa kompyuta, kazini miaka mingi, kwa hivyo haya ninayosema sikuhadithiwa, niliyaona. Na nisikufiche: nina hasira naye. Nitajaribu kumtendea haki, lakini usinitegemee sana.

Kwao ni Sirisia, nyumba ya watu wa kulima na kusali, watu wasio na makuu. Makuu yake sijui yeye aliyatoa wapi. Ugonjwa wake ni mmoja tu: hataki kitu kilichotengenezwa tayari. "Mimi," anakuambia akijigonga kifua, "najenga kutoka kwa chanzo." Maana yake ni hii. Programu ambayo wewe na mimi tungeipakua ikiwa imekamilika, tubonyeze, tuendelee na maisha yetu, yeye anatafuta maandishi ghafi ya wale walioitunga. Anayalisha kwenye kompaila, ambayo ndiyo inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa kitu cha kutekelezwa na mashine. Kisha anakunja mikono na kutazama mistari ikipita kwenye skrini mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Kama yangeishia kwenye kompyuta tungevumilia. Rispah, mke wake, alinunua unga wa chapati akaambiwa aurudishe dukani, ngano itasagwa hapo nyumbani. Chapati hazikuliwa Krismasi hiyo. Televisheni yao Wakoli aliifungua apate kuielewa, na mpaka leo iko kwenye katoni, vipande vipande, inaeleweka. Rispah huja kwangu kutazama habari. "Nashukuru Mungu," aliniambia siku moja, "watoto tulizaa kabla hajasoma mpaka huko."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hupotea. Kikaushio cha Mzee Avtar kinaongozwa na kompyuta kuukuu iliyo kwenye chumba nyuma ya mizani. Moto hauwashwi kwa mkono, lazima kompyuta iruhusu, kwa sababu kuna mahali fulani mtu aliwahi kuwasha kwa kukisia akachoma mahindi ya watu. Aliyetufungia mtambo huo aliandika kanuni zake kwa lugha ndogo aliyoibuni mwenyewe, maneno machache tu: unyevu ukizidi hapa, washa, ukishuka hapa, zima, mahindi ya namna hii, kataa. Ili kompyuta iielewe lugha hiyo inahitaji programu ya kuisoma, na sisi tuliiita msomaji. Msomaji haandikwi kwa mkono. Kuna chombo unachokipa sarufi ya lugha yako, nacho kinakutungia msomaji. Walioanzisha chombo hicho walikipa jina la mnyama wa ng'ambo, nyati mwenye ndevu, basi hapo kazini kikawa Nyati. Lugha ikiongezewa neno, Nyati anaitwa, anatunga msomaji mpya, kompaila inamalizia, mtambo unawaka. Nyati wetu alikuwa wa zamani, kompaila ya zamani, kompyuta yenyewe ya zamani, na walikuwa wakielewana vizuri sana.

Msimu huu Mzee Avtar akaleta kipimo kipya. Kile cha kwanza kilipima unyevu peke yake. Hiki kinapima pia joto lililo katikati ya gunia, kwa sababu mahindi yakianza kuoza hujipasha moto yenyewe, hata kama kwa macho yanapendeza. Lugha yetu ikahitaji neno moja jipya: joto. "Kazi ya asubuhi moja," alisema Wakoli, na siku hiyo alisema kweli.

Shida ni kwamba Mzee alitaka uzinduzi. Mheshimiwa fulani wa kaunti akaalikwa, hema likakodiwa, pasta akaambiwa aje aombee mashine. Na unajua sisi wageni wakija tunafanya nini. Tunapaka mawe chokaa. Tunachoma takataka mpaka mgeni anafika akikohoa. Tunaficha sufuria zenye masizi, na hizo ndizo zitakazopika chakula cha huyo mgeni. Mzee akapita kila mahali akisema, "Vitu vya zamani sitaki kuona." Alimaanisha yale matairi nyuma ya choo. Kila mtu alielewa hivyo, isipokuwa Injinia.

Wakoli akajifungia chumbani akaanza kufagia kompyuta. Ati aliogopa mheshimiwa atainama kwenye skrini aone Nyati wetu ni wa mwaka gani. Mheshimiwa! Mtu ambaye hata simu yake huwashiwa na msaidizi! Akamfuta Nyati. Akamfuta na msomaji, yule aliyekuwa akiendesha mtambo bila kumsumbua mtu, ati huwezi kuanza upya ukiwa na uchafu. Nakala hakuweka popote. Kompaila iliponea chupuchupu kwa sababu kengele ya chakula cha mchana ililia.

Wiki hiyo hiyo mama yangu, Nabwile, alikuwa amevuna kule Tongaren, na mvua ilikuwa imekataa kuondoka. Sisi wafanyakazi wa ghala huruhusiwa kukausha mahindi ya nyumbani bure. Nikampigia simu. "Mama, usianike. Mvua itakuchezea. Lete huku kwa mashine, siku mbili yamekauka." Yalikuwa mavuno yake yote ya mwaka. Ndicho chakula chake, na cha watoto wa marehemu kaka yangu anaowalea, hana kingine. Akayaleta, na yeye mwenyewe akaja ameketi juu ya magunia, kwa sababu mama yangu haachi mahindi yake yasafiri peke yake. Tukayapanga chini ya paa yakiwa bado mabichi, tukamngoja Wakoli.

Wakoli alikuwa ameshapakua Nyati mpya kabisa. Hakuchukua kilichofungashwa kwa ajili ya watu, alichukua yale maandishi ghafi ambayo watunzi wenyewe huyafanyia kazi. Akaamuru yajengwe. Kompyuta ikamjibu kwamba ili kumjenga Nyati, anahitajika Nyati.

"Nini?" nikauliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Hiyo ni kawaida," akasema. "Nyati naye ana sarufi yake. Lazima asomwe na Nyati aliyemtangulia."

"Na aliyemtangulia yuko wapi?"

Akavua miwani akaanza kuisafisha kwa shati. "Nakhungu, haya ni mambo ya ndani sana."

Dawa ilikuwepo, na aliijua. Watunzi wa Nyati si wajinga. Watu wa kawaida huwatolea kifurushi ambacho sehemu hiyo imeshatungwa, unajenga bila kuhitaji Nyati mwingine. Fundi mwenzake mmoja alipomwambia hivyo kwa simu, nami nikisikia, Wakoli alijibu, "Vifurushi ni vya watoto." Alipobanwa sana akakijaribu, lakini cha toleo jipya, maana cha toleo la zamani ati kingemvunjia heshima. Kompaila yetu kuukuu ikatema kila mstari, uandishi wa kisasa haikuujua. Basi akaamua ajenge kwanza kompaila mpya. Kompaila mpya ikataka maktaba mpya za programu. Maktaba mpya zikataka zijengwe na kompaila mpya. Umewahi kufuatilia cheti cha kuzaliwa? Dirisha hili linakutuma lile, na lile linakurudisha hili. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa akijituma mwenyewe, na alikuwa anafurahia.

"Bado imerara?" mama alikuwa akiniuliza kila asubuhi kwa lafudhi yake ya Kibukusu, akimaanisha mashine bado imelala.

"Inaamka kesho, mama." Nilikuwa nikirudia tu aliyoniambia Wakoli.

Siku ya uzinduzi ikafika mtambo ukiwa maiti. Mzee Avtar aliambiwa asubuhi hiyo, akashika ndevu zake akakaa chini. Hema limesimama, pilau inanukia, na mheshimiwa amepiga simu kwamba ameshapita Kiminini. "Bosi, niachie mimi," akasema Wakoli. Akaweka juu ya meza kitufe chekundu, kikubwa, kizuri, na waya wake ukaingia ukutani ukaishia humo humo.

Pasta akaiombea mashine, akaikinga na nguvu za giza na virusi vya kila aina. Mheshimiwa akahutubu kuhusu vijana na teknolojia, akatoa jasho, kisha akabonyeza. Nyuma ya ukuta Wakoli akawasha jenereta na feni kubwa la kupepetea mahindi. Ngurumo! Vumbi! Makofi! Mama yangu alikuwa kwenye kiti cha plastiki mstari wa nyuma, akapiga vigelegele kuwashinda wanakwaya. "Nakhungu, mwanangu, imewaka!" Nilimwambia tu ale pilau.

Tangu hapo ikawa haiwezekani kusema mtambo ni mbovu. Si umezinduliwa? Si picha zipo? Mzee Avtar ni mtu ninayemheshimu, lakini siku hizo alisimama langoni kwangu akiwaambia wakulima kwamba kuna foleni, wavumilie. Foleni ya nini, bana, na ndani hakuna kinachozunguka! Nikamwomba ruhusa nihamishe mahindi ya mama niyapeleke kwingine.

"Binti yangu," akaniambia kwa upole, "watu wakiona mfanyakazi wangu anatoa mahindi yake hapa, watasema nini?"

Nikarudi kwenye mizani yangu. Kibarua nacho nakihitaji. Mama, akiamini kuna foleni kama wengine, akaanza kuyageuza kwa mikono juu ya turubai, jua likichungulia kidogo anayatandaza, mawingu yakija kutoka Mlima Elgon anayakusanya. Wakoli alikuwa akimpita akienda kuchukua chai, anamsalimu vizuri kabisa, "Mulembe, mama," na mama anaitikia, maana alimwona kuwa ndiye aliyewasha.

Asubuhi moja mama akaniita. "Hebu ingiza mkono hapa."

Nikaingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwikoni. Ndani kulikuwa na uvuguvugu. Nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kompyuta nikaufungua mlango bila kubisha.

"Wakoli, si tawi letu la Bungoma lina mtambo kama huu?"

"Upo. Ni pacha wake."

"Na Nyati wa zamani yuko?"

Akatazama kikombe chake.

"Si nimekuuliza? Yuko ama hayuko?"

"Yuko. Lakini fundi wa pale ni Jepchirchir." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo dogo tu, "Na sarufi pia iko kule."

"Sarufi gani?"

"Ya lugha yetu. Ile folda ilikuwa chafu chafu."

Nilihitaji kukaa, lakini hakukuwa na kiti. Kumbe hata hizo siku zote alizokuwa akijenga, hata Nyati angesimama na kulia, Wakoli hakuwa na cha kumlisha! Sarufi aliyoiandika yule mtu aliyetufungia mtambo aliifuta pamoja na vingine, na alijua tangu siku ya kwanza. Akaendelea kukompaili. Akaendelea kutuambia kesho.

Na sababu ya kutokwenda Bungoma? Jepchirchir alipokuwa akiomba kazi, Wakoli ndiye aliyemhoji, akasema hafai kwa kuwa anatumia vitu vilivyotengenezwa tayari. Mzee Avtar alimwajiri hata hivyo, na mtambo wa Bungoma haujazimika tangu aushike. Mahindi ya mama yangu yalikuwa yakiiva ndani ya gunia kwa sababu mwanamume mzima aliona haya kuomba msaada kwa msichana.

Ile kompyuta ya Bungoma haijaunganishwa na mtandao, ilibidi tuifuate. Nilichukua ufunguo wa pikapu ya ghala bila kumwomba mtu, nikamsukumia Wakoli ndani, na njia nzima sikumsemesha. Tulimkuta Jepchirchir mezani kwake akimenya chungwa.

"Niaje, Injinia. Umepotea njia?"

"Sasa, Jepchirchir. Tulikuwa tunapita tu."

"Unapita hapa ukitoka Kitale ukienda wapi?"

Wakoli akarekebisha kola. "Ni zoezi la kulinganisha mifumo ya matawi yetu mawili. Mara kwa mara ni vizuri..."

"Amefuta," nikasema mimi. "Amemfuta Nyati, amemfuta msomaji, amefuta na sarufi. Wageni walikuwa wanakuja."

Jepchirchir akaweka chungwa mezani. Nilimtazama nikingoja acheke, na haki ningecheka naye, nilikuwa na kiu ya kumcheka Wakoli mpaka machozi. Hakucheka.

"Mahindi ya nani yako pale?"

"Ya mama yangu."

Akainuka akachomeka flashi kwenye kompyuta kabla sijamaliza kusema. Alinakili sarufi, akanakili na kifurushi cha Nyati wa zamani, kile kile alichokitumia yule mtu wa kwanza. "Mbona hukunipigia siku ile ile?" akamuuliza Wakoli huku akimkabidhi.

"Mtandao ulikuwa chini," akasema Wakoli.

Hata hapo! Hata mbele ya flashi mkononi! Nilitoka nje nikawasha gari nisije nikatenda jambo la kunipeleka polisi.

Kitale, kazi yenyewe haikuwa kazi. Kifurushi cha zamani kikaingia kwenye kompaila ya zamani, mistari ikapita, hakuna aliyelalamika wala aliyemtaka mwenzake. Nyati alikuwa amesimama kabla chai haijapoa. Akalishwa sarufi na lile neno jipya, joto, akamtunga msomaji, na taa ya kijani ikawaka. Kikaushio kikanguruma kutoka ndani, kwa moto wa kweli safari hii, na mimi niliyeijua ngurumo ya lile feni nilisikia tofauti. Wakulima wakakusanyika. Mzee Avtar akaja mbio, akamshika Wakoli mkono kwa mikono yake miwili, akamwita mtaalamu wetu mbele za watu. Kuhusu Bungoma hakuna aliyeuliza. Wakoli akawaelezea wakulima kwamba mifumo mikubwa huhitaji subira.

"Nimejenga kutoka kwa chanzo," akawaambia, na wapo walioitikia kwa kichwa.

Mahindi ya mama ndiyo yaliyokaa sana kuliko yote, basi yakawa ya kwanza. Mama akasogea karibu, amefunga leso yake nzuri. Nikachomeka kipimo kipya kwenye gunia, nikabonyeza, nikangoja. Kompyuta ikasoma unyevu. Ikasoma joto. Taa nyekundu ikawaka, na kwenye skrini likatokea neno moja: kataa.

"Imesoma!" Wakoli akaruka. "Mmeona? Neno jipya limesomwa! Hebu jaribu lingine!"

Nikajaribu lingine. Kataa. Akapiga makofi. Lingine. Kataa. Alikuwa anacheka kama mtu aliyepata mtoto, akageuka huku na huku akitafuta wa kumkumbatia, akamkumbatia mama yangu.

"Anasema nini?" mama akaniuliza alipoachiliwa.

"Anasema mashine imepona."

"Basi waingize."

Nikamweleza kwamba hayaingii. Nikamweleza kwamba yakishapata joto namna hiyo yana sumu, hayauzwi, wala watoto wasiyaguse, wala hata kuku. Nilimweleza polepole, kwa Kibukusu, na sikujua uso wangu niuelekeze wapi. Nyuma yetu Wakoli alikuwa akimwonyesha Mzee Avtar skrini, akisema kwamba haijakosea hata mara moja, na alikuwa anasema kweli. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuna hata gunia moja lililopona. Nikamwambia hakuna.

Mahindi yaliyokataliwa kwa sumu hupakwa rangi nyekundu, gunia kwa gunia, yasije yakauzwa kwa mtu usiku yakamdhuru. Anayepaka ni mtu wa langoni. Nikaenda nikaleta mkebe na brashi. Naapa nilipima umbali kutoka pale niliposimama mpaka kichwa cha Wakoli. Kisha nikainama kwenye gunia la kwanza, na mama akasogea akanishikia gauni kwa nyuma.

"Angalia usijipake nguo," akasema.